Nafasi ya Kirezi Mezani

Mimi ndiye niliyepiga kelele. Naanza na hilo, asije mtu akasema nimemsingizia mwenzangu. Polisi wa Mbarara waliuliza watu wengi nani alitangulia kusema "mwizi", wote wakaapa hawajui, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale, kitenge changu kimelowa damu ya wifi yangu. Nilinyamaza. Sasa nasema.

Wifi yangu anaitwa Uwamariya, mjane wa kaka yangu Anselme Mihigo. Tunakaa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda, mwaka wa saba huu, nyumba mbili za udongo zinazotazamana, na mpaka leo hajanizoea. Mimi nina mdomo na hasira, yeye ana sindano. Anashona dubu. Ndiyo, dubu, yule mnyama ambaye hakuna mtu wa kwetu Kivu ya Kusini aliyewahi kumwona kwa macho! Dubu wa kitambaa, wadogo kama kidole gumba, miguu na mikono inageuka, macho ni shanga mbili nyeusi.

Kyomuhendo, mama wa Mbarara anayefundisha wanawake kazi za mikono kambini, ndiye aliyetuletea mfano wa karatasi. Alisema wageni wanawapenda sana. Wangu wa kwanza alitoka kama nguruwe aliyekanyagwa na baiskeli, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wa Uwamariya alikaa mezani akatutazama.

Basi akaanza ukaidi wake. Tuliambiwa dubu ni wa rangi ya kahawia. Yeye akashona mwekundu, akashona wa kijivu, akashona mweupe mwenye madoa ya damu ya mzee ubavuni.

"Nyabo, dubu ya madoa hapana," Kyomuhendo alimwambia.

"Wewe umeona dubu?"

"Kwa picha."

"Mimi hawa nimewaona," alisema Uwamariya, akaendelea kuvuta uzi.

Mimi nilielewa nilipoona wa tano. Hawakuwa dubu. Walikuwa ng'ombe wa kaka yangu, mmoja mmoja, kila doa mahali pake. Sisi ni watu wa ng'ombe. Ukinionyesha mgongo wa ndama niliyemjua miaka kumi iliyopita nitakwambia mama yake ni nani.

Sasa niwaambie habari ya asubuhi ile iliyotukimbiza kwetu, maana bila hiyo mtaona tuna wazimu. Watu wa bunduki na mapanga walikuja maziwa hayajapoa. Uwamariya alikuwa ametoka kumkamua Kirezi, ng'ombe mweusi mwenye kipaji cheupe cha uso, yule ambaye Anselme alimtoa mahari kwao, nao wakamrudisha kama zawadi ya arusi. Tulisikia risasi, tukaingia kwenye mahindi, mimi nimemziba mdomo mtoto wao Cyiza kwa kiganja mpaka akaning'ata. Niliona kwa macho yangu mzee Twizeyimana akikatwa mguu, akatambaa, wakamrudia. Waliwafungia watu kanisani wakawasha moto, na nyimbo tulizisikia mpaka zikaisha. Sitasema zaidi ya hapo, roho yangu haitaki.

Walipowatoa ng'ombe zizini, wote thelathini na wanane, kaka yangu akasimama kutoka kwenye mahindi. Uwamariya alimkamata shati, mfuko ukachanika ukabaki mkononi mwake. "Ninawafuata tu nione wanaelekea fasi gani," Anselme alisema. Akaenda na fimbo. Hakurudi.

Kwetu kilio hakifungwi mpaka muone kaburi, au mpaka aliyeliona awaambie. Siku hiyo mjane hunyolewa nywele, hupewa maziwa, hunywa, watu huenda zao. Uwamariya hakuwa ameonja maziwa tangu asubuhi ile. Miaka sita! Mwanamke wa ng'ombe! Mtoto wake anakunywa, yeye anageuza uso. Alitaka jambo moja tu hapa duniani, kuambiwa Anselme amelala wapi.

Ndiyo maana akaenda na dubu kwenye maonyesho. Kila mara Kyomuhendo alipopata meza Mbarara, wifi yangu aliwapanga kama walivyokuwa wakirudi jioni: fahali mbele, majike nyuma yake, ndama ubavuni. Wa kuuza walikuwa kwenye kikapu. Wale wa mezani hawakuuzwa, hata mzungu alie. Na walikuwa thelathini na saba. Nyuma ya fahali aliacha nafasi ya kidole gumba, hapo ndipo Kirezi alipotembea. Hakumshona kusudi.

"Wakimbizi ni wengi Mbarara," aliniambia. "Siku moja atapita mutu aliyewaona ng'ombe wetu kule kwetu. Ataona moja inakosekana, atasema."

"Atasema una kichwa kibovu," nilimjibu. Mdomo huu!

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, uwanjani chini ya kilima cha Kamukuzi. Watu walikuwa wengi, vikapu, asali, mikeka, muziki unapasua masikio. Akaja mwanamume wa umri wetu, amebeba mikanda ya kiume begani, ya kuuza. Baadaye tulijua anaitwa Gakwaya, anapanga chumba mtaa wa Nyamityobora. Alisimama, akacheka kidogo, halafu kicheko kikamwisha usoni.

"Mama," alimwambia Uwamariya kwa lugha ya kwetu, polepole, "hawa si dubu. Hawa ni ng'ombe ya Mihigo."

Uwamariya alikuwa na makasi mkononi. Hakuyaweka chini.

Yule mtu akanyoosha kidole, akagusa ile nafasi tupu. "Na hapa inakosekana ile nyeusi ya kipaji. Ile ya sikio moja."

Uwamariya akasema kwa sauti ya mtu anayeamka usingizini, "Kirezi alikuwa na masikio mawili."

Asubuhi ile alimkamua, masikio yote mawili yalikuwepo. Aliyemwona na sikio moja alimwona baada ya mapanga. Mimi sikuhitaji hesabu nyingine. Nilipandwa na mori. Niliruka juu ya meza, dubu wakamwagika, nikamkamata kola nikampiga ngumi ya mdomo, nikampiga tena, nikasikia jino lake likivunjika kwenye kidole changu. Naungama, nilifurahi. Akajichomoa, shati likabaki kwangu nusu, akatoka mbio na mikanda inamning'inia.

Ningepiga kelele "muuaji", watu wangeuliza kamuua nani, wapi, lini. Mimi najua mji. Nikasema, "Mwizi! Mwizi huyo!"

Hawakuuliza. Jamani, hawaulizagi! Madereva wa bodaboda waliacha pikipiki zikiwaka. Mmoja alimtega mguu, akaanguka kifudifudi kwenye changarawe. Tofali la kwanza lilimpata mgongoni. Mwingine alichukua mkanda kati ya ile ya Gakwaya mwenyewe, akawa anamchapa nao usoni upande wa chuma. "Piga yeye kabisa! Mwizi hapana lala leo!" Walimkanyaga mbavu, nikasikia zinavyolia. Mwenye duka la spea akaja na tairi, na kijana mmoja akaenda kutafuta petroli. Mimi nilikuwa nimeng'oa chuma cha hema, nasukuma watu nipate nafasi yangu. Nilikuwa namwona Twizeyimana anatambaa. Nilikuwa nataka kichwa.

Uwamariya alinipita. Mwanamke mwembamba vile, sijui alipenya wapi, akajitupa juu ya yule mtu, akamfunika kama kuku anavyofunika vifaranga mvua ikianza, akaweka viganja vyake viwili juu ya kichwa chake.

"Musimuue! Bado hajasema! Hajasema!"

Chuma changu kilikuwa kimeshapanda. Niliona mkono wake. Nasema ukweli mbele ya Mungu, niliuona, na chuma nikakishusha, kwa sababu hasira ikishafika begani haijui kurudi. Kilitua kwenye mkono wa kulia. Vidole vitatu vilivunjika mara moja, nikasikia, si sauti kubwa, kama kuni kavu. Hakupiga yowe. Alinitazama tu, akarudisha mkono ule ule uliovunjika juu ya kichwa cha yule mtu.

Waliendelea kumpiga yeye sasa. Tofali likampasua bega. Mimi nikageuza chuma, nikaanza kuwapiga wale niliowaita mwenyewe, nikamvunja mmoja pua, mwingine akanipiga teke la tumbo nikatapika. Petroli ilipofika, polisi nao wakafika, wakapiga risasi hewani, watu wakatawanyika, kila mmoja akawa mpita njia.

Hospitali waliwalaza wodi tofauti. Uwamariya, na bandeji mpaka kiwiko, alitoka kitandani kwake akaenda kukaa kwa Gakwaya. Mimi nilisimama mlangoni. Uso wa Gakwaya haukuwa uso tena, jicho moja halikuwepo. Siku ya pili akasema.

Alisema alikuwa mchuuzi wa maziwa, kijiji cha ng'ambo ya mto. Siku mbili baada ya moto alipita pale akakuta mtu amelala kando ya kijito, amekatwa shingo na mikono. Na ng'ombe mweusi amesimama juu yake. Wale watu walitaka kumswaga akagoma, wakamkata sikio, hakuondoka. Hata yeye Gakwaya alipigwa pembe.

"Nilimuzika, mama," alisema. "Nilichimba na jembe ya kuvunjika mpini, siku nzima. Nyuma ya kanisa ile iliungua, chini ya mikaratusi mitatu. Ya katikati. Kichwa nililaza fasi ya mlima. Nikaweka jiwe ya jiko juu, mbwa isimutoe."

Uwamariya alirudia: "Mikaratusi mitatu. Ya katikati."

"Eeh. Halafu nikachukua ng'ombe. Nikauzisha kule chini, nikakimbia na pesa yake Uganda. Nilikuwa na njaa. Munisamehe." Akanitafuta kwa jicho lililobaki. "Nilikuwa nataka kuwaambia pale mezani. Ulinipiga sijamaliza kusema."

Basi sikusema uongo, mnaona? Alikuwa mwizi. Alituibia ng'ombe. Nimejiambia hivyo mara mia na haijanisaidia hata siku moja, kwa sababu mtu aliyemzika kaka yangu kwa mikono yake, mimi ndiye niliyemfanya atafutiwe tairi.

Alikufa siku ya nne, damu ilimvujia ndani. Hakuwa na ndugu Uganda. Tulimleta Nakivale, kanisa letu likampokea, na wanaume walipoanza kuchimba niliwanyang'anya jembe. Kwetu mwanamke hachimbi kaburi. Mchungaji alinikaripia, nikamwambia aje anipokonye kama anaweza. Nilichimba mpaka viganja vikatoka ngozi, wakaniacha.

Jioni ile ile tulifunga kilio cha Anselme. Nilimnyoa wifi yangu mimi mwenyewe. Wakamletea maziwa, akayapokea kwa mkono wa kushoto maana wa kulia haukunjiki, wala hautakunjika, daktari alisema. Akanywa yote. Alilia na maziwa yakiwa bado mdomoni, nami nikalia, na hakuniambia nyamaza.

Hajawahi kuniuliza nani aliita "mwizi". Alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Anajua.

Sasa dubu nashona mimi. Yeye anakaa pembeni, Cyiza anatunga uzi kwenye sindano, naye ananitukana kila mshono. "Hiyo ni mguu ao kiazi?" Maonyesho ya mwezi wa nane yalipokaribia akanipa kipande cha kitambaa cheusi na kingine cheupe kidogo cha kipaji. Hakusema ni nani. Nilishona siku tatu, nikafumua, nikashona. Macho yalikaa sawa. Hata yeye alikubali, alimgeuza kwenye kiganja chake cha kushoto.

"Umemupa masikio mawili," alisema.

"Ndivyo nilivyomjua."

Akanisogezea makasi juu ya meza, yale yale ya siku ile.

"Kata, Viviane."

Nikakata.