Unga wa Junaid Hauumuki

Saa saba za mchana, jua limesimama juu ya mapaa ya Mkunazini na watu wenye akili zao wamejilaza, Bi Muzdalifa huufunga nusu mlango wa kiduka chake, akavua viatu, akaketi mbele ya kompyuta kuipiga chapa riwaya ya Mwalimu Jaku. Nusu, nasema, kwa sababu mlango ule haufungwi wote mpaka magharibi. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia anataka upepo. Uwongo mtupu. Uchochoro ule haujapata upepo tangu ulipojengwa.

Miaka thelathini na minne anapiga chapa. Alianza na mashine ya chuma iliyokuwa ikisikika mpaka mtaa wa pili, sasa ana kompyuta, na printa inayotafuna karatasi ikijisikia. Hakuna mtu pale mtaani aliyeoa, aliyeshitakiwa, aliyeuza shamba wala aliyekufa bila ya jina lake kupita vidoleni mwake. Watu wakitaka kusoma hitima, humletea majina ya marehemu wao kwenye vipande vya karatasi, naye huyapanga kwa herufi kubwa ili sheikh asije akababaika katikati ya dua. Kazi hiyo huifanya kwa thawabu tu. Amewaandika maiti wa watu wote, isipokuwa mmoja.

Maana Bi Muzdalifa ana mtoto wake wa pekee, Ridhwan. Ridhwan alikuwa mpishi wa meli ya mizigo. Miaka tisa iliyopita meli yao ilitia nanga Yemen, vita vimepamba moto, na asubuhi moja akashuka bandarini kutafuta unga wa mikate. Mji ukapigwa siku ile ile. Wenziwe walimngoja mpaka jioni, meli ikang'oa nanga, na walipofika Unguja walisimama mbele ya mama yake wakitazama vidole vya miguu yao. Hawakusema kafa, kwa kuwa hawakumwona. Naye akalishika neno hilo kwa mikono miwili: hamkumwona. Hitima haikusomwa, sala ya ghaibu haikusaliwa, na aliyethubutu kutamka "marehemu Ridhwan" mbele yake alijua kilichomnyoa kanga manyoya.

Sasa Mwalimu Jaku. Huyu ni mzee wa Makunduchi, mwalimu wa historia aliyestaafu, mpole, husafisha miwani yake kila akitaka kusema jambo. Alikuja baada tu ya Idi na daftari saba zilizoandikwa kwa mkono.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Bi Muzdalifa. Nimekuletea mji."

"Mji gani tena?"

"Utauona."

Na kweli aliuona. Mwalimu hakuupa jina. Ulikuwa mji uliopigwa mabomu hata ndege wakauhama, na wakaazi wake wengi wameshakufa ila hawajui. Hilo ndilo jambo lenyewe. Katika mji ule maiti hajui kuwa amekufa mpaka mtu wake, popote alipo duniani, aseme kwa ulimi wake: Mungu amrehemu. Kabla ya hapo huamka asubuhi akaendelea na shughuli zake, akishangaa tu mbona leo kachoka hivi. Alikuwamo Bi Mwatima, mkunga, anayekimbia nyumba hadi nyumba kuwazalisha wanawake waliokwishahama. Alikuwamo Nahodha, mpeleka barua, anayebisha hodi kwenye milango isiyokuwa na nyumba. Na alikuwamo Junaid, kijana mwoka mikate, anayekanda unga tangu alfajiri, na unga hauumuki.

Huyu Junaid, Bi Muzdalifa alimpenda tangu mstari wa kwanza. Alikuwa na tabia ya kufuta mikono kwenye shati lake, na Ridhwan alikuwa hivyo hivyo, mashati yake yote yana alama za viganja. Kayajuaje haya mwalimu? Bi Muzdalifa alijiuliza, akaendelea kupiga.

Walianza kuja alipofika daftari ya tatu. Msinicheke. Mimi nasimulia nilivyoambiwa, na aliyeniambia hajapata kunidanganya ila kwa ile habari ya upepo.

Ulikuwa mchana mzito, feni inazunguka kwa uvivu, macho yake yako daftarini na vidole vinakwenda vyenyewe, mara akasikia harufu ya hamira. Akainua kichwa. Bi Mwatima amekaa kwenye benchi la wateja, mkoba mapajani, anajipepea kwa kadi ya harusi ya watu. Nahodha amesimama mlangoni, anasoma namba za nyumba za upande wa pili na kuzikariri kimoyomoyo. Junaid kakaa chini kabisa, karibu na printa, mikono myeupe mpaka kwenye viwiko. Hawakumtisha. Mtu umeshampiga chapa kwa kurasa mia, utamwogopaje? Aliwamiminia kahawa, hawakuinywa, na ilipopoa akainywa yeye.

Tangu hapo kila mchana walikuwa wakija, na akifunga huenda nao mpaka kwake, mtaa wa Kiponda. Siku moja walipita penye nyumba ya zamani iliyoporomoka masika yale, ghorofa tatu zimelala chini na mlango wake wa nakshi umebaki umesimama peke yake. Nahodha akaenda akabisha hodi. Bi Mwatima akashika kiuno.

"Na nyinyi mmepigwa?"

"Hapana, bibi. Sisi ni mvua tu."

"Mvua!" Bi Mwatima alitikisa kichwa kwa huruma, akamshika Bi Muzdalifa mkono mpaka walipoyapita yale mawe.

Watu wa kawaida walimwona Bi Muzdalifa anatembea peke yake, anatabasamu, wakasema uzee umeanza kumwingia. Waache waseme. Kwa muda mrefu hakuwa amepata wenzake waliojua maana ya kukaa mahali ukangoja bila ya kuuliza.

Mtu wa kuusukuma mlango ule mchana alikuwa mmoja tu, Shadya, mke wa Ridhwan. Sijui nimwite mke au mjane, na mwenyewe hajui. Aliolewa ana miaka ishirini na mbili, akakaa na mumewe miezi minane, sasa ana thelathini na mbili. Angelikwenda kwa Kadhi zamani angelipata karatasi yake, lakini hakutaka kumtangulia mama mkwe. Kila siku saa saba u nusu huleta chakula dukani na sahani tatu: yake, ya Bi Muzdalifa, na ya Ridhwan. Ya Ridhwan hupakuliwa wali na mchuzi sawa na nyengine, ikakaa mezani ikapoa, kisha wakapewa paka wa Mkunazini, na ndiyo maana hakuna paka walionenepa Unguja nzima kuwashinda wao. Mwaka huu amejitokeza mtu wa Jozani, Wakil, anayewatembeza wageni msituni, aliyefiwa na mkewe. Ametuma watu mara mbili. Mara zote mbili Shadya alijibu, mwulizeni mama. Na mama alijibu, tangu lini mtu akaposa mke wa mtu?

Daftari ya saba aliifungua Jumatatu. Ng'ambo ya bahari mama yake Junaid, ambaye miaka yote alikuwa akimpakulia mwanawe chakula, siku hiyo anaifunika ile sahani, anakaa chini na kusema: Mungu amrehemu. Kule mjini unga wa Junaid unaumuka. Junaid anautazama, anacheka, ananawa mikono mpaka kwenye viwiko, anazima tanuri, anakwenda zake. Basi. Riwaya imekwisha.

Vidole vya Bi Muzdalifa vilisimama. Alaa! Kurasa mia tatu za kumkandisha mtoto wa watu unga, halafu anakwenda zake? Akaisukuma daftari pembeni. Akaandika ya kwake: Junaid akapanda meli, akashuka bandari ya Malindi asubuhi na kikapu cha tende, mama yake akampokea. Zilitoka kurasa nne, tena nzuri, zina machozi na vigelegele. Akazichapisha pamoja na nyengine.

Mwalimu Jaku alizisoma palepale kwenye benchi. Alisafisha miwani mara tatu.

"Bi Muzdalifa, huyu aliyeshuka Malindi ni nani?"

"Junaid."

"Junaid wangu mimi hakushuka Malindi."

"Kwa sababu wewe una roho ngumu!" Bi Muzdalifa alisimama. "Ingekupunguzia nini kumrudisha? Wino? Wino wangu. Na hiyo sahani umeitoa wapi? Umekaa hapa ukanichungulia, ukaenda ukaniandika, sivyo?"

Duka la pili walizima redio wasikilize vizuri. Mwalimu hakupandisha sauti.

"Sahani nimeitoa kwa mama yangu," alisema. "Alikuwa na mtoto baharini, mkubwa wangu. Miaka thelathini na moja alimpakulia. Jina lake tukikatazwa kulitaja ila kwa kumwombea arudi, mpaka tukaacha kulitaja kabisa. Mama kafa uso kauelekeza mlangoni. Mimi niliyekuwa nimemshika mkono hakuniona."

Akazikusanya daftari zake, ya saba akaiacha mezani.

"Kitabu changu, vidole vyako. Uache ulivyoandika, ukitaka. Lakini ujue yule kijana ataendelea kukanda."

Siku ya pili yake, mchana, Bi Mwatima na Nahodha hawakuja. Alikuja Junaid peke yake. Alisimama kwenye ile nusu ya mlango, jua liko nyuma yake, unga mkononi.

"Mama, nnachoka."

"Kaa, mwanangu. Kaa upumzike."

"Siwezi kukaa. Haujaumuka."

Akafuta mikono kwenye shati, viganja viwili vyeupe kifuani. Bi Muzdalifa alitaka kumtazama usoni na hakuthubutu, kwa kuwa alijua hautakuwa uso wa Junaid. Aliutazama ule unga tu, na miguu iliyokuwa ikitetemeka kwa kusimama sana. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na siku hiyo aliujua upande ambao hajawahi kuugusa: kwamba huenda anayemchosha mtoto ni yeye.

Mlango ukasukumwa. Ni Shadya, na chungu cha wali na sahani tatu. Hapakuwa na mtu mwengine. Bi Muzdalifa akamtazama mkwewe, na sijui mara ya mwisho alimtazama lini. Mtandio ulikuwa umerudi nyuma kidogo, na penye sikio palikuwa na mvi mbili.

"Shadya, mwanangu. Umechoka?"

Mtu akiulizwa hivyo husema hapana, ndiyo adabu. Shadya aliziweka sahani moja moja.

"Nimechoka, mama. Siku nyingi."

"Na mbona hukunambia?"

"Ningekwambia vipi? Ulikuwa unatazama mlango."

Hawakula mchana ule. Bi Muzdalifa alizifuta kurasa zake nne, akaiandika daftari ya saba neno kwa neno, tanuri likazimwa na kijana akaenda zake. Kisha akafungua ukurasa mpya. Akaanza na mumewe, Ubwa bin Silima, akafuata wazee wake na wazee wa mumewe. Halafu akaandika RIDHWAN BIN UBWA, herufi kubwa, na ilimchukua muda mrefu kuliko daftari nzima. Na vidole, kwa mazoea ya miezi mitatu, vikashuka mstari vikaandika JUNAID. Alikiona kidole kinakwenda kufuta, akakizuia. Shadya alisimama nyuma yake, mkono begani, mpaka printa ikaitema ile karatasi bila ya kuitafuna.

Hitima ilisomwa Ijumaa baada ya alasiri, Kiponda. Wanaume walitandikiwa mikeka chini uchochoroni, wanawake wakakaa ghorofani, madirisha wazi, halua imeshakatwa na kahawa iko motoni. Shadya alikuwa ameshaanza kukaa eda ya mjane. Wakil wa Jozani alikuja, akakaa nyuma kabisa, na hakutuma mtu tena. Kijana ana adabu zake, na miezi minne na siku kumi anajua kuihesabu.

Sheikh akaanza kuyasoma majina, na kila jina watu wakaitikia, Mungu amrehemu. Lilipokuja la Ridhwan, uchochoro mzima uliitika kwa sauti nzito, maana wengi walikuwa wamelihifadhi neno hilo miaka tisa. Bi Muzdalifa alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Kabla hajajaribu tena, sheikh ameshashuka mstari.

"Junaid," alisoma, akasita. "Junaid bin nani?"

Watu wakatazamana. Mmoja akanong'ona, huyu wa ukoo gani? Sheikh akaigeuza karatasi, nyuma hamna kitu.

"Bin Khatib," ilisema sauti moja. Mwalimu Jaku alikuwa amevua miwani. "Kaka yangu. Soma, sheikh."

Sheikh akasoma: Junaid bin Khatib. Hakuna aliyemjua, basi hakuna aliyeitikia, na Mwalimu mwenyewe machozi yalikuwa yamemziba. Bi Muzdalifa alimwona yule kijana amesimama na unga wake, ametajwa mbele za watu na hapana wa kumpokea. Lo, hilo hakuliweza. Akainuka pale dirishani, na kwa sauti ile ile anayoigombezea printa, akasema:

"Mungu amrehemu Junaid!"

Shingo zote zikageuka juu. Na kwa kuwa mlango wa koo ulikuwa umekwishafunguka, la pili likapita.

"Na Ridhwan wangu. Mungu amrehemu mwanangu Ridhwan."

Halafu akalia, miaka tisa yote kwa mpigo, na Shadya akamshika asianguke. Chini sheikh aliinua mikono akamalizia dua, watu wakasema amin na kahawa ikapitishwa.

Siku ya pili yake, saa saba za mchana, Bi Muzdalifa aliufunga mlango wa kiduka wote, akatia kufuli, akaenda Kiponda kula na Shadya. Paka walingoja kizingitini mpaka alasiri, kisha wakaenda zao.