Nusu Bakuli la Uji

Binti yangu ana mimba ya miezi saba. Jana mchana bibi yake, yaani mama mkwe wangu, alimwondolea sahani ya wali na nyama ya mbuzi kabla hajafika nusu. Eti imetosha. Nilisikia damu inanipanda kichwani, maana mambo hayo nayajua, nilifanyiwa mimi.

Nilipokuwa nimembeba huyu huyu binti, nilikuwa mke mgeni hapa mtaa wa Iftin, na mama yangu mzazi yuko mbali kule Hulugho. Jiko lilikuwa la mama mkwe. Mwezi wa saba ulipoingia akatoa amri: asubuhi nusu bakuli la uji, mchana wali kidogo, usiku kikombe cha maziwa ya ngamia. Nyama niliijua kwa harufu tu. Ndiyo desturi, alisema. Mtoto akinenepa tumboni hatoki, utaishia kupasuliwa hospitalini. Wanawake waliokuja kunijulia hali waliitikia kwa vichwa huku wakitafuna sambusa nilizokaanga mimi mwenyewe.

Njaa ya mimba usiiombe. Nilimlalamikia mume wangu, Mungu amrehemu, akanijibu kwamba mambo ya wanawake yeye hayaingilii. Kisha akanawa mikono, akala akashiba, akajinyoosha kwenye mkeka. Wallahi nilitamani kumtupia sinia.

Uchungu uliponishika sikuwa na nguvu hata ya kulia. Hospitalini mkunga aliniuliza nimekula nini, nikamwambia, akamgeukia mama mkwe na kumkaripia. Unadhani alinyamaza? Alimjibu kwamba yeye amezaa wanawe wote nyumbani bila mtu kumfokea. Wakabishana juu ya kichwa changu mpaka nikazimia. Nilizinduka nimetundikiwa maji, na baadaye mtoto akatoka, kadogo, kanalia kama paka.

Mama mkwe akatangaza mtaa mzima: si mnaona, ametoka bila kisu. Sifa zote zikawa zake. Na ile arobaini ya uzazi ilipoanza, sasa ndipo akachinja mbuzi, akanishindilia supu na nyama asubuhi na jioni mpaka nikatapika. Alinichosha roho yule mama. Miaka yote hii nimemwita mchoyo moyoni, huku mdomoni nikimwamkia kwa heshima.

Basi jana uvumilivu ukaniishia. Nikaichukua ile sahani, nikairudisha mbele ya binti yangu. Sijawahi kumpandishia sauti mama mkwe, lakini jana nilimpandishia.

"Huyu atakula, Mama. Mimi ulinifunga mdomo. Mwanangu humfungi."

Nilingoja anikaripie. Hakunikaripia. Alikunja ncha ya mtandio wake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Dada yangu alikwama," alisema. "Tulikuwa malishoni, hakuna gari, hakuna mkunga. Mtoto alikuwa mkubwa. Mimi ndiye niliyemshika dada kichwa mpaka akatulia moja kwa moja."

Sikujua kama aliwahi kuwa na dada. Nimeishi na mama huyu tangu nilipoolewa, nimemfulia, nimemuuguza, na hakuwahi kumtaja hata siku moja. Badala ya kumpa pole nikajikuta nimemkasirikia zaidi. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia wakati ule, badala ya kuniacha nikidhani ananichukia.

"Ulikuwa na mimba," alisema. "Mwenye mimba utamwambiaje habari kama hiyo?"

Hasira bado ninayo, ila sasa sijui nimpelekee nani. Kisha nikakumbuka kwamba hatuko peke yetu. Nikageuka. Binti yangu alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili. Nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Akaisukuma sahani, akasema ameshiba.