Majimoto wa Minazi ya Mama

Miaka ile nafundisha baiolojia sekondari, Mtwara mjini, kilichonikosesha usingizi hawakuwa wanafunzi. Ilikuwa minazi ya mama yangu, Mikindani. Shamba lile ndilo lililotulea tangu baba alipofariki, na sasa vidaka, zile nazi changa kabisa, vilikuwa vikipukutika kabla hata ya kufika udafu.

Sababu niliijua. Kuna mdudu wa kahawia, kunguni wa minazi, anayefyonza vidaka vikadondoka. Wanaomfukuza ni majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota, ambao wakikuuma utavua nguo njiani. Lakini kwetu mkwezi hapandi mnazi wenye majimoto, ng'o. Kiota kichomwe kwanza kwa mwenge wa makuti, ndipo afunge kamba miguuni. Basi kila tukiangua nazi, tunamchoma mlinzi ili mwanguaji asiumwe.

"Mama, safari hii usichome," nilimwambia.

"Haya mwanangu, utapanda wewe?"

Nami wakati ule nilikuwa mjamzito!

Nikaitwa semina ya walimu, na huko ndiko hasira zilikonizidi. Kitabu tulichofundishia kilisema viumbe wameshikana kama wavu: nyuzi zikiwa nyingi, mmoja ukikatika nyingine zinabeba. Mhadhiri mgeni akajaza ubao hesabu, akasema nadharia mpya ni kinyume chake, kwamba wanaotegemeana wakizidi kuwa wengi, mtikisiko mdogo unaweza kuwaangusha wote. Yeye na walimu wakabishana mpaka chai ikapoa. Nikauliza: kwenye mnazi, ukiwaondoa majimoto peke yao, ni nadharia ipi inayokuambia kitakachofuata? Wakacheka. Mwenyekiti akasema swali zuri, tuendelee. Tuendelee wapi? Nilitaka neno moja tu la kwenda kumwambia mama akanielewa, wao wananipa alama za hesabu.

Niliporudi, viota vyote shambani vilikuwa vimeshachomwa. Nikatafuta viota vingine kijijini Mtawanya, nikavibeba kwenye gunia na kuvitundika mwenyewe kwenye mashina ya minazi, pale mkono ulipofika, huku naumwa mikono na shingo. Sisimizi wadogo wanaoishi ardhini wakapanda, wakawamaliza majimoto wangu wote. Hilo nalo halikuwemo kitabuni wala kwenye hesabu za mhadhiri. Nililia palepale shambani, si kwa huzuni, kwa hasira. Elimu yote ile, na kidaka kimoja sikuweza kukizuia kisianguke.

Ramadhani ilipoingia nikaenda kufuturu kwa mama. Nilimkuta ndiyo kwanza anatoka sokoni, ameficha kitu ndani ya kanga. Akakitoa jikoni. Ilikuwa nazi. Mama yangu, ambaye kila mwezi wa mfungo alikuwa akiwagawia majirani nazi za futari, alikuwa amenunua nazi.

Nilitaka kusema kitu kuhusu majimoto. Akanipa ile nazi na mbuzi ya kukunia.

"Funga mlango kwanza," akasema. "Wasije wakaniuliza nimeitoa wapi."