Madirisha Yasiyopiga Hodi

Juzi simu yangu iliniuliza kwa adabu kama nakubali dirisha jingine lifunguke. Nilicheka, halafu moyo ukanipasuka paa! Rafiki yangu, zamani madirisha hayo hayakuomba ruhusa ya mtu.

Nilikuwa mtoto wa shule huko Timau, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Wakati wa likizo nilimpelekea shangazi chakula katika ofisi ya shamba la maua, mukimo ungali moto, upepo wa mlimani ukinikata masikio. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kwetu kupata kazi ya ofisini, na nyumba nzima ilimtegemea. Kompyuta ilikuwa moja tu. Ilipoingia mtandaoni kwa waya wa simu ilipiga mluzi na kukoroma, nami sikuipenda hata kidogo.

Nyanya alitulea kwa neno moja: mgeni hafukuzwi, wala haulizwi shida yake kabla hajanywa uji. Shangazi alikuwa binti yake kabisa.

Siku hiyo alikuwa akimwandikia mnunuzi wa ng'ambo, na lori lililojaa maua lilisubiri jibu uani. Ghafla dirisha dogo likaruka juu ya maandishi yake, likimetameta, likimwuliza kama anataka zawadi. Pembeni kulikuwa na kialama cha kulifunga. Nikamwonyesha.

"Wacha wewe! Ameuliza vizuri, nimfungie mlango usoni?"

Akabofya ndiyo. Yakaja mawili. Akayajibu yote, kwa subira, na kila alilojibu likaleta mengine. Mambo haya yalikuwa mapya hata kwa waliotengeneza kurasa za mtandao zenyewe. Nani angemwambia lipi ni swali na lipi ni mtego? Ujumbe wake ukafunikwa wote. Mashine ikaganda. Uani dereva akapiga honi, akapiga tena, nami nikaanza kuogopa kwelikweli.

Jibu halikuja. Maua yalinyaukia kwenye lori, na kesho yake shangazi akaambiwa asirudi tena. Nyanya alikoroga tu uji.

Siku hizi mashine zimefunzwa adabu, zinauliza kwanza. Lakini shangazi yule nitampata wapi? Tangu wakati ule, mtu akibisha kwake, yeye huzima redio na kunyamaza mpaka mgeni aende zake.

Mwezi uliopita nilibisha mimi. Nilimwita, nikajitaja jina. Nikasikia redio ikizimwa.