Ukuta wa Mama Nati

Mama Nati hakuajiriwa kuwa fundi. Aliajiriwa kuzoa chenga za chuma. Karakana ya chuo ilikuwa ikitoa ndoo nne za chenga kila siku, na fundi wa wakati ule, mzee mkali mwenye sikio moja zima na jingine bovu, alitaka mfagiaji asiyeuliza maswali. Akaletewa mwanamke wa miaka ishirini na mbili, mjamzito, aliyeuliza maswali kuanzia asubuhi mpaka jioni. Akiuliza upande wa sikio bovu hajibiwi. Anahamia upande wa pili. Mzee alipostaafu miaka sita baadaye, hapakuwa na mtu mwingine aliyejua mashine ya kukereza inavyonguruma inapokaribia kuvunja kisu. Chuo kikatangaza nafasi, kikamchukua kijana mwenye vyeti vinavyojaza bahasha, na kijana akaunguza mota wiki ya kwanza. Ndipo wakampa mfagiaji ufunguo.

Jina la Nati alipewa na wanafunzi, kwa sababu mfuko wa aproni yake haukukosa nati. Alizichezea kwa vidole huku anakusikiliza, na ukianza kusema upuuzi vidole vilisimama. Mumewe alikuwa fundi cherehani, na majirani waliwatania kuwa nyumba ile mume anashona, mke anachomelea. Mume mwenyewe alikuwa na lalamiko moja tu maishani, kwamba shuka zao zinanuka grisi. Walilea mabinti wawili katika harufu hiyo na wote wawili wakasoma wakamaliza.

Mimi nilimjua nikiwa mwaka wa tatu. Mwaka huo kila mwanafunzi wa uhandisi alitakiwa kubuni kitu ambacho watu wangekubali kukinunua, akitengeneze kwa mikono yake, kisha akitetee mbele ya walimu na wafanyabiashara walioalikwa. Siku hizi tunaita ujasiriamali. Sisi tuliita balaa la mwaka wa tatu. Ukiingia karakana, kabla hujashika hata tupa, Mama Nati alikushika bega akakupeleka kwenye ukuta wa nyuma.

Kwenye ukuta ule, kuanzia usawa wa goti mpaka darini, vilitundikwa vitu vilivyoharibika. Pampu iliyopasuka tumbo. Ekseli iliyokatika kama muwa. Jiko lililoyeyusha miguu yake lenyewe. Chini ya kila kimoja palikuwa na kibati kilichoandikwa kwa rangi nyeupe: mwaka, na kosa lilikuwa nini. Jina la mtu halikuandikwa. Sheria yake ilikuwa moja, kwamba kilichoharibika humu hakitoki humu. Ilikulazimu usome vibati vyote kwa sauti, kimoja baada ya kingine, na kazi hiyo ilikula saa nzima. Ukimaliza alikwambia, "Haya mwanangu, hayo yote wenzako wameshayakosea. Wewe nenda kakosee kitu kipya."

Nimesoma vitabu vingi vya ubunifu tangu siku hiyo, vingine vizito kuliko tofali. Sijakutana na somo linaloshinda lile.

Nami nilisoma vibati vyote, nikaitikia, kisha nikafanya yangu. Nilibuni mashine ya kukata majani ya ng'ombe. Mama Nati aliniambia mdomo wa kulishia majani uwe mrefu kuliko mkono, kuanzia begani mpaka kwenye ncha ya kidole, ili hata mtu akisahau, kisu kisimfikie. Niliona mdomo mrefu unaharibu sura ya mashine yangu. Nikaukata nusu alipokwenda kula. Siku ya kuijaribu majani yakakwama, nikayasukuma kwa mkono. Nilikuwa nimevaa glavu zilizonizidi, vidole vyangu havikufika mwisho wake, na kisu kiliondoka na ncha za glavu tu.

Mama Nati alizima mashine, akanihesabu vidole mara mbili, ndipo akanizaba kofi. Halafu akaung'oa ule mdomo, akautundika ukutani pamoja na glavu iliyokatika, na kibati: "Mdomo mfupi, mkono mrefu. Vidole vilipona kwa sababu glavu ilikuwa kubwa."

Kibati hakikuwa na jina langu, lakini chuo kizima kilijua. Wakaniita Mkono Mrefu, jina ambalo kwa Kiswahili halimpi mtu heshima. Nilihitimu nalo. Nikarudi kuwa mwalimu msaidizi, nikalikuta mlangoni linanisubiri. Kila mwaka wanafunzi wapya walisoma kibati changu kwa sauti, nami nikipita nje nawasikia wanacheka. Nilicheka nao. Wenye akili wanajua kicheko cha namna hiyo kina nini ndani yake.

Basi chuo kikaamua kuwa na Kituo cha Ubunifu na Ujasiriamali. Vyuo vingine vilikuwa navyo, na Mkuu wa chuo hakutaka kupitwa. Mimi nikateuliwa msimamizi, na karakana ikateuliwa kuwa jengo. Mashine nyingi zikahamishiwa kwenye banda la nyuma, lililokuwa na umeme wa kubahatisha. Likaja zulia. Vikaja viti vya rangi rangi, vya aina ambayo ukikaa magoti yanakuwa juu ya kitovu. Zikaja mbao nyeupe za kuandikia mawazo. Msumeno haukuja hata mmoja.

Ukabaki ukuta. Mkuu aliutazama akasema tu, "Hili nakuachia wewe, ndiye unayepajua."

Mama Nati alipata habari. Akaja ofisini kwangu akiwa na aproni iliyopigwa pasi, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Mwanangu, zulia sina ugomvi nalo," alisema. "Viti navyo mtavikalia wenyewe. Nakuomba ukuta tu."

"Mama, wageni watakuja. Wataona takataka."

"Watoto wataona nini?"

"Watoto watafundishwa darasani."

"Darasani wanafundishwa kinachofaulu. Kinachoua wanafundishwa wapi?"

"Mama, haya ni maagizo ya Mkuu. Mimi mikono yangu imefungwa."

Nati mfukoni zilinyamaza. Naamini alijua kuwa nadanganya. Kisha akainuka akasema, "Sawa, baba," kwa upole ambao hadi leo sijausamehe. Siku ya pili nikatia saini, na lori likabeba miaka ishirini ya makosa ya watu kwenda kuuzwa kwa kilo. Nilisimama kuhakikisha kile kibati changu kinapakiwa. Niseme ukweli: siku hiyo nilikula chakula cha mchana kwa raha sana.

Ukuta ukapakwa rangi ya machungwa. Katikati tukaandika kwa herufi kubwa: USIOGOPE KUSHINDWA.

Miaka miwili baadaye akaja binti ambaye wenzake walimwita Bosi, kwa sababu tangu mwaka wa kwanza alikuwa na kadi za biashara za kampuni ambayo haijazaliwa. Sijawahi kufundisha kichwa kama kile. Alizunguka kwa wafugaji wadogo, wenye ng'ombe mmoja au wawili, akawauliza wanataka nini. Wakamwambia: mashine ya kukata majani, ndogo, ya kubebeka na mtu mmoja. Akaja kwangu na mchoro. Ilikuwa mashine yangu ile ile. Nilimwambia, wazo zuri, endelea.

Balaa la mwaka wa tatu sasa lilikuwa mashindano, yenye sharti kwamba kila bidhaa ikae juu ya meza ya maonyesho, meza moja kwa kila mwanafunzi, ili picha zitoke vizuri. Sharti hilo niliandika mimi. Mashine ya Bosi haikuenea. Akaitengeneza upya, akapunguza palipokuwa rahisi kupunguza. Akapunguza mdomo.

Mama Nati siku hizo alikuwa mtunza funguo za banda na mwonyesha wageni viti. Siku moja kabla ya mashindano alipita mlangoni, akasimama.

"Mwanangu," alimwambia Bosi, "mdomo huo umeupima na mkono wako?"

Bosi akanigeukia mimi, si yeye. Ndivyo tulivyomfundisha. Mimi ndiye mwenye shahada.

"Mama," nikasema, "kesho wageni wanakuja. Usimtie mtoto hofu."

Mtu akiniuliza kwa nini sikusema neno moja, sina jibu la kujipamba. Kusema "mdomo ni mfupi" kulikuwa ni kukisoma tena kile kibati kwa sauti, mbele ya wanafunzi, kwa kinywa changu. Mficha uchi hazai. Nilikuwa nimelipia lori zima nisikisikie tena.

Kesho yake, saa nne asubuhi, wageni wakiwa bado wanakunywa chai, Bosi aliwasha mashine kuijaribu mara ya mwisho. Majani yakakwama. Akayasukuma kwa mkono.

Sisi wengine tulipiga kelele. Mama Nati ndiye aliyekimbilia swichi, na ndiye aliyevua aproni akaufunga ule mkono nayo. Nati zikamwagika zikatapakaa kwenye zulia. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikatika, na cha nne hakikunjiki tena.

Mashindano yaliahirishwa kwa wiki moja. Mama Nati aliomba kustaafu mwezi uleule, bila sherehe.

Nilikwenda nyumbani kwake. Mumewe alikuwa anashona sebuleni, akaijibu shikamoo yangu kwa mkato na kuendelea na cherehani. Nilimwambia Mama Nati kwamba nimezungumza na Mkuu, kwamba tunataka kuurudisha ukuta, kwamba tungefurahi sana akija kutusaidia kuanza.

"Tuanze kutundika nini?" aliuliza.

Nikageuka kutazama cherehani ya mumewe.

"Mimi nilikuwa natundika vyuma," alisema. "Mkono wa mtoto wa mwenzangu sitausogelea na msumari."

Akaingia chumbani, akatoka na mfuko wa karatasi. Ndani mlikuwa na glavu yangu, kavu, ncha zimekatika. Kumbe siku ya lori alikuwa ameichomoa.

"Mpelekee yule binti," akasema. "Mwambie. Anadhani ni yeye tu."

Nikaenda moja kwa moja hospitali, glavu ikiwa mfukoni mwa koti. Nataka hilo lijulikane, kwamba nilikwenda kweli, na nia nilikuwa nayo. Bosi alikuwa ameketi kitandani, ameweka ubao mapajani, mamaye amemshikia karatasi isiteleze. Ilikuwa fomu ya kamati ya chuo iliyochunguza ajali. Mwenyekiti wa kamati nilikuwa mimi.

Alisimamisha kalamu.

"Mwalimu, naomba nikuulize. Kuna mtu aliwahi kufanya kosa hili kabla yangu? Au ni ujinga wangu mwenyewe?"

Mamaye naye akaniangalia. Nikaingiza mkono mfukoni, nikaigusa ile glavu, nikavipitisha vidole vyangu vyote vitano pale ilipokatika.

"Sina kumbukumbu," nikamwambia.

Bosi akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mwanafunzi aliyepewa jibu alilolitarajia. Kisha akainamia fomu, na kwa mkono wa kushoto, herufi moja moja, akaandika kwamba kosa lilikuwa lake.