Fomu Kumi na Tano za Wino Mwekundu

Jina lake la kwenye kitambulisho watu walishalisahau. Wodi nzima ya watoto, kuanzia daktari hadi mfagizi, walimwita Sista Haraka, na msidhani ni kwa sababu ya mwendo. Mwendo wake ulikuwa wa mtu aliyesimama kwenye sakafu ya saruji miaka kumi na tisa. Jina lilitokana na kalamu nyekundu.

Niwaeleze kazi ilivyokuwa. Damu ikitolewa wodini huenda maabara pamoja na fomu yake. Fomu ya kawaida huingia trei ya kawaida, na majibu yake yanarudi jioni, au kesho, au Mungu akipenda. Fomu iliyoandikwa HARAKA kwa wino mwekundu huingia trei ya dharura, majibu ndani ya saa moja. Ndivyo ilivyotakiwa. Sasa Sista alichoka kuulizwa na wazazi kama majibu bado, mara thelathini kwa siku. Alichoka kukunjiwa uso na daktari kana kwamba mashine za maabara amezilalia yeye. Miaka minne nyuma akaanza kuandika HARAKA hata kwa mtoto mwenye mafua. Majibu yakaja upesi, wodi ikatulia, na wodi nyingine zikaiga. Na hapo, jamani, ndipo mambo yalipoharibika. Trei ya kawaida ilibaki tupu, ya dharura ikafurika, na mtu wa maabara akawa anapima kwa kufuata zilivyofika.

Siku ninayoisimulia, saa tano asubuhi, mwanamke mmoja, fundi cherehani, aliingia wodini amembeba bintiye wa miaka mitatu. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, futi ya kupimia bado iko shingoni. Malaria ilikuwa imemla mtoto damu mpaka viganja vimekuwa vyeupe kama karatasi. Daktari alimsikiliza moyo kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, kisha akamvuta Sista pembeni. Akamwambia huyu anahitaji damu, tena si jioni, sasa hivi. Moyo unakimbia mno, na ikifika saa saba hajawekewa, asishangae ukigoma. Lakini damu haiwekwi kwa kubahatisha. Ni lazima maabara ijue kundi lake na kuilinganisha na ya mfuko atakaowekewa, maana isiyopatana ingemuua upesi kuliko hiyo malaria.

Sista akamtoa damu, akaandika HARAKA, akapiga mistari miwili chini yake, akaituma. Saa tano na nusu ikapita. Saa sita ikafika. Mtoto aliacha kulia, mama yake akafurahi akidhani ni nafuu, na Sista hakuwa na moyo wa kumwambia kwamba mtoto mgonjwa hivyo akinyamaza ndipo pa kuogopa. Akapiga simu maabara, ikaita weee, hakuna aliyepokea. Saa sita na dakika kumi alimwachia mwenzake wodi, akashuka ngazi mwenyewe, roho mkononi.

Mtaalamu wa maabara, mwanamume mpole wa makamo, alikuwa peke yake, mwenzake anaumwa. Sista akamvaa kwa ukali akitaka kujua damu ya yule mtoto iko wapi. Yule bwana hakugombana naye. Alimwonyesha trei tu: fomu thelathini na moja, zote nyekundu, ya mtoto ikiwa ya ishirini na sita.

"Itoe hiyo, uianze sasa," Sista alisema.

"Kila anayeingia hapa ananiambia hivyo, dada. Juzi nilimpitisha mmoja, nikaandikiwa barua ya onyo kwa sababu mwingine alicheleweshwa. Siiruki fomu nyekundu mpaka aliyeiandika aifute mwenyewe na kutia sahihi." Akamsogezea rundo. "Hizi kumi na tano za mbele ni mwandiko wako."

Kweli, ulikuwa mwandiko wake. Zilikuwa za raundi ya asubuhi. Mtoto mwenye upele. Mtoto wa kuruhusiwa kesho. Mtoto wa karani wa mapokezi, kikohozi tu, ila mama yake alimbembeleza. Aliona aibu. Akashika kalamu, akaanza kufuta na kutia sahihi. Ya nane ilikuwa ya mtoto aliyepata degedege alfajiri, na hiyo ilikuwa haraka ya kweli, akaiacha. Ya kumi na moja hakuikumbuka kabisa. Alilikodolea macho lile jina dakika nzima, hajui kama ni la mtoto aliye taabani au la yule anayekimbizana na wenzake kwenye veranda. Hofu ikamshika kwelikweli. Hiyo nayo akaiacha. Kumi na tatu zikafutwa.

Zikabaki kumi za wodi nyingine, saba kati yake za wodi ya upasuaji ya wanaume. Akapiga simu huko. Muuguzi msimamizi wa wodi hiyo aliwahi kuwa mwanafunzi wake, na aliposikia ombi lenyewe akaangua kicheko.

"Sista, si wewe uliyetufundisha? Ulisema tusipoandika nyekundu tutazeeka tukisubiri."

"Nilikosea," alisema. "Nina mtoto anakata roho. Niambie, ya kweli ni ipi?"

Kicheko kikakatika. Akajibu kwamba zake zote saba zinaweza kungoja, na anashuka mwenyewe kuzifuta.

Damu za fomu chache zilizosalia mtaalamu akazitia kwenye mashine, kisha akaishughulikia ya mtoto kwa mikono yake. Kazi ya kulinganisha damu haisukumwi. Sista akakaa kwenye kiti cha plastiki, hana la kuharakisha. Alipiga simu wodini mara mbili, na mara ya pili mwenzake alimwambia kwamba mtoto sasa anapumua kwa shida, mbavu zikibonyea. Saa saba kasoro dakika tano yule bwana akainua kichwa, akasema inapatana. Sista akauchukua mfuko, akapanda ngazi mbilimbili.

Daktari alikuwa ameshaweka sindano kwenye mshipa wa mguu. Mama alipouona mfuko, alimshika Sista mkono kwa mikono yote miwili.

"Mungu akulipe, Sista. Nimeambiwa umeshuka mwenyewe kutupigania."

Angeweza kunyamaza. Nani angejua?

"Usinishukuru, mama. Damu ya mwanao imekaa kwenye foleni nyuma ya fomu zangu za uongo. Mimi ndiye niliyemchelewesha."

Mama akamwachia mkono. Alimtazama, macho makavu. Daktari alikuwa akiunganisha mpira, mtoto akatikisa mguu, sindano ikataka kuchomoka.

"Mshike mguu," mama alisema. "Hayo mengine utaniambia baadaye. Mshike asitikisike."

Sista akainama, akaushika ule mguu mdogo uliokuwa baridi. Hakuthubutu kuinua uso. Alikaa vivyo hivyo mpaka mfuko ukafika nusu na vidole vikaanza kupata joto.