Namba Moja ya Baba Mkubwa

Simu ya mezani ya mama, nyumbani kwake mtaa wa Kamunyonge, haina waya. Mkono wake unakaa kwenye kitako cha kuchajia, na ukibonyeza namba moja na kuishikilia, inapiga yenyewe. Mama hasomi, lakini tarakimu anazijua. Kwa hiyo tulimwekea watu kwa ukubwa, kama wanavyopakuliwa chakula: moja, baba mkubwa wa Butiama; mbili, dada yangu wa Bunda; tatu, mimi.

Mimi sikai mahali. Kila mji niliponunua laini mpya, nilirudi nyumbani kubadilisha ile tatu. Nilikuwa na zaidi ya miaka arobaini na kazi hiyo nilikuwa bado sijaiacha.

Safari moja nilipita na laini mpya tena, basi la Geita likinisubiri. Baba mkubwa alikuwa amefariki mwezi uliotangulia na simu yake ilishazimwa. Nikaona namba moja inakaa bure. Nikajiweka pale, nikamwambia mama abonyeze moja. Akatazama simu, akairudisha kwenye kitako. Ile tatu niliiacha na laini ya zamani.

Nilikaa Geita miezi miwili na nusu. Mama hakupiga. Nilidhani hana neno na mimi, nami sikupiga.

Wakati wa kurudi nilishuka Bunda, nikaenda kwa dada, mtaa wa Nyasura. Alikuwa anaanua nguo.

"Karibu, marehemu," alisema, hakuacha kuanua.

Kisha akanieleza. Mama alikuwa akibonyeza tatu kila siku, anaambiwa namba haipatikani. Alimtuma dada hadi Butiama kuuliza kama nimeonekana huko. Dada naye laini yangu mpya hakuwa nayo, sikumpa. Mwezi wa pili mama alianza kuacha chakula.

Kesho yake nilifika Kamunyonge. Mama alikuwa amekonda. Alinishika kiganja, akakigeuza, akakiachia. Nikamuuliza kwa nini hakubonyeza moja kama nilivyomwambia.

"Ile ni ya shemeji yangu," alisema. "Kigoda chake kule Butiama hakijakaliwa mpaka leo, ukoo haujakaa. Wewe umekaa kwenye simu yake. Mimi nikikupigia hapo, nitakuwa nimekukubalia."

Hilo nilikuwa nalijua. Katika nyumba yetu kiti cha marehemu hakikaliwi mpaka ukoo ukutane na kumtaja wa kukikalia. Sikufikiri kwamba simu nayo ina viti.

Nikakaa chini, nikairudisha namba iliyozimwa ya baba mkubwa kwenye moja. Nikajiweka tatu. Mama akachukua mkono wa simu, akabonyeza, akashikilia. Simu ikalia mfukoni mwangu. Nikapokea, tumekaa kochi moja.

"Uko wapi?" akauliza kwenye simu.

"Niko hapa, mama."

"Nilikuwaga naambiwa haupatikani."

"Napatikana."

Akakata. Akaomba uji.

Laini ile sijaibadilisha. Sasa nanunua dagaa kisiwani Rukuba, na kambini kwetu mtandao wa laini hiyo haushiki. Saa kumi jioni napanda jiwe lililo nyuma ya vichanja vya kuanikia dagaa, ambako unashika, nakaa na simu mkononi. Siku nyingine mama hapigi. Nasubiri nusu saa, nashuka.